Kipimo Changu cha Spoki ya Baiskeli

Nataka kuwasimulia wanafunzi, walimu na wazazi habari ya kazi moja ndogo niliyoifanya huko kwetu Mamba. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Nilipokuwa humo nilikaa dawati la nyuma, na siku Mwalimu alipotufundisha habari za nyenzo nilimwuliza mwenzangu kwa sauti ndogo, "Hizi nyenzo zitatufaa nini sisi watoto wa wakulima wa mpunga?" Mwalimu alisikia, akatabasamu tu, akaendelea kuandika ubaoni. Jibu la swali lile nililipata miaka mitatu baadaye, tena nililipata kwa fedheha.

Wasiopajua Mamba niwaeleze. Mtu akitoka Mpanda hupita Sitalike, akavuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akafika Kibaoni. Hapo huiacha njia kuu ya Sumbawanga, akashika ile ya Usevya na Majimoto, na mbele ya Majimoto ndiko Mamba. Ni nchi ya Mpimbwe, katika bonde la Ziwa Rukwa. Zamani tulikuwa katika Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 tumo katika Mkoa wa Katavi. Wenyeji ni Wapimbwe, na Wasukuma wengi wamehamia pamoja na ng'ombe wao. Mpunga hustawi huko, na wakati wa mavuno kila mashine ya kukoboa huzungukwa na magunia, na watu wakaketi juu yake wakingoja zamu.

Mashine zikifanya kazi huchakaa, na zikichakaa huletwa kwa Mjomba wangu. Yeye ana karakana ndogo yenye kerezo, yaani mashine ya kukerezea vyuma. Ni kerezo kuukuu, nalo huendeshwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Nilipomaliza Kidato cha Nne nilikwenda kwake kujifunza kazi. Nilifagia karakana mwezi mzima kabla sijaruhusiwa kugusa kisu cha kukatia chuma.

Katika kazi ya kukereza, jambo lililo gumu kuliko yote si kukata. Kukata hufanywa na mashine. Jambo gumu ni kulinganisha. Chuma hubanwa katika kishikio chenye meno manne, na kila jino huendeshwa peke yake kwa ufunguo. Sharti fundi ayakaze na kuyalegeza meno hayo mpaka kitovu cha chuma kiwe sawasawa na kitovu cha kerezo. Kisipokuwa sawa, chuma huzunguka kikiyumba, na kila kitakachokatwa kitakuwa cha upande. Tena yafaa kukumbuka hesabu hii: kitovu kikihama robo ya milimita, uso wa chuma utapanda na kushuka nusu milimita nzima, yaani kosa huonekana maradufu.

Karakana zilizo na uwezo hutumia kipimo chenye uso kama wa saa. Ncha yake hugusa chuma, na mshale huonyesha hata sehemu ya mia ya milimita. Mjomba alikuwa nacho kimoja, walakini kilianguka kabla sijafika, mshale wake ukakwama. Basi sisi tulitumia chaki. Fundi huzungusha chuma polepole na kukisogezea kipande cha chaki. Upande uliopanda ndio unaoguswa na kupata alama. Ni njia ya wazee, nayo si mbaya, ila yataka macho mazuri na subira.

Mwezi wa Juni, mpunga ukiwa umejaa viwanjani, mama mmoja mjane mwenye mashine ya kukoboa alituletea shafti iliyoliwa mahali pa kukaa beringi. Mjomba aliijaza chuma kwa kuchomelea, akanipa mimi niikereze irudie kipimo chake. Jua lilikuwa likishuka, na vijana wenzangu walikuwa wakiningoja uwanja wa mpira. Kanuni yetu ni kupima shafti mahali pawili, karibu na meno na tena mbali nayo, kwa sababu chuma chaweza kuwa sawa mwanzoni huku kimeinama mwishoni. Mimi nilipima karibu na meno tu, mara moja, nikawasha injini. Shafti ilitoka inang'aa. Nikanawa mikono, nikaenda mpirani.

Siku ya tatu yule mama alifika kwa bodaboda, mkononi ana mfuko wa plastiki. Akatoa beringi, ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kwa moto. Akasema, "Fundi, mashine inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Watu wameanza kubeba magunia yao kwenda kwa mwingine."

Mjomba akanigeukia. "Ulipima mahali pawili?"

Nikajibu, "Ndiyo, Mjomba. Pote pawili."

Hakusema neno. Aliniambia niifunge shafti kerezoni, akaweka kidole gumba juu yake, akanitaka niizungushe kwa mkono. Kisha akamwambia yule mama, "Mama, kosa ni letu. Beringi mpya nitainunua mimi. Shafti nitaijaza tena leo, na keshokutwa nitaipeleka Mpanda, huko wana kipimo cha saa." Mama akashukuru, akaondoka. Nami nikauliza, "Mjomba, kwa nini usiilinganishe mwenyewe kwa chaki, kuliko kusafiri na shafti hadi Mpanda?" Akajifanya hakusikia.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilihesabu kwamba nina siku mbili. Hapo ndipo nilipolikumbuka somo la nyenzo. Mwalimu alichora ubaoni mti uliolazwa juu ya jiwe, upande mmoja mfupi na upande wa pili mrefu. Akasema kwamba mkono mfupi ukienda kidogo, mkono mrefu huenda sana, kwa kadiri ya urefu wake. Sisi sote tulifikiri habari ya kuinua mizigo. Lakini nikajiuliza: je, nikiugusisha mkono mfupi kwenye chuma kinachoyumba, mkono mrefu hautanionyesha myumbo huo umekuzwa?

Asubuhi niliokota spoki ya baiskeli iliyotupwa. Niliipitisha katika kipande kidogo cha chuma, upande mmoja nikiacha milimita 10 na upande wa pili milimita 200. Kwa hiyo kila mwendo wa ncha ungekuzwa mara 20, na myumbo wa nusu milimita ungeonekana kama sentimita nzima. Kile kipande nilikitoboa kwa keekee, nikakitundika kwa msumari juu ya kiunzi chenye umbo la manati, na kiunzi nikakibana mahali pa kisu cha kukatia. Nyuma ya ncha ndefu niliweka rula yangu ya shuleni. Nilitwaa chuma chakavu, nikakilinganisha, nikakizungusha kwa mkono. Spoki haikutikisika hata kidogo. Niliruka kwa furaha, nikamwita Mjomba.

Alikuja polepole. Hakuitazama spoki, aliweka kidole gumba juu ya chuma, akanitaka nikizungushe. "Kinacheza," akasema. Nikabisha: "Lakini Mjomba, kipimo kinasema hakichezi!" Akanijibu kwa swali ambalo nimelishika mpaka leo: "Na kipimo chako, nani amekipima?"

Nilikasirika, lakini usiku niliketi kutafuta jibu. Nilihitaji kitu chembamba ambacho unene wake naujua kwa hakika. Nikachukua daftari zangu za zamani, nikahesabu karatasi 100, nikazibana pamoja kwa nguvu na kuzipima kwa rula. Zikawa milimita 8. Basi karatasi moja ni sehemu ya mia ya hizo, yaani milimita 0.08. Nikiipenyeza kati ya ncha na chuma, spoki ingepaswa kusogea milimita 1.6. Nilipenyeza karatasi moja: kimya. Nikaweka mbili: kimya. Nikaweka ya tatu, ndipo spoki ikashtuka kidogo.

Hapo nikaelewa. Tundu lilikuwa pana kuliko msumari. Chuma kilipoisukuma ncha, kile kipande kilisogea kwanza ndani ya tundu lake badala ya kugeuka, na kosa likajificha mle. Kipimo changu kilikuwa kimya kwa sababu kilikuwa kibovu, nami niliuona ukimya wake nikauita ukweli. Tena niliona jambo la pili: chombo kinachokuza makosa ya wengine hukikuza na kilegevu chake chenyewe. Kama fundi hakuondoa ulegevu huo kwanza, kadiri chombo kinavyokuza zaidi ndivyo kinavyodanganya zaidi.

Siku ya pili asubuhi nilipita kwa fundi baiskeli aliye chini ya mwembe karibu na soko. Alikuwa ameshika gurudumu la mbele linalochezacheza. Alilegeza nati, akakaza koni kidogo, akajaribu. Akakaza tena kidogo, akajaribu. Mpaka gurudumu likawa linazunguka kwa urahisi bila kucheza kushoto wala kulia. Kisha akaifunga nati ya nje ili koni isirudi nyuma. Nilisimama pale kama mtu aliyeona kitu cha ajabu, ingawa nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni.

Nilirudi mbio. Msumari nikautupa. Nilichukua bolti mbili, nikazichonga ncha kwa kerezo, kisha nikazipasha msasa. Kile kipande chenye spoki nikakipiga vishimo viwili, kimoja kila upande, vielekeane. Bolti zikaingia kutoka pande mbili za manati, ncha zao zikakishika kipande katikati kama vidole viwili. Nilizikaza kidogo kidogo, kama nilivyomwona fundi baiskeli, nikazifunga kwa nati. Ncha iliyokuwa ikigusa chuma ilikuwa kali na ikikwaruza, kwa hiyo nikaibandika gololi ndogo kwa gundi ya chuma. Mwisho nilikata uzi mwembamba wa mpira kutoka tyubu kuukuu, nikaufunga ili uisukume gololi ilalie chuma siku zote kwa upande ule ule. Hivyo hata kama ulegevu kidogo umebaki, hauna nafasi ya kwenda huku na huku.

Nikarudia mtihani wa karatasi. Karatasi moja: spoki ikasogea milimita moja na nusu hivi. Mbili: milimita tatu. Tatu: karibu tano. Nilipozitoa zote, ikarudi pale pale ilipoanzia. Nilirudia mara kumi, na mara zote kumi ilirudi. Wasomaji wenzangu, kurudi huko kulinifurahisha kuliko kusogea. Kipimo kisichorudi mahali pake hakiaminiki, hata kiwe kizuri namna gani.

Jioni ile tuliifunga shafti ya yule mama. Tuliutoa mkanda kwanza, maana kipimo cha namna hii ni cha kuzungusha kwa mkono tu. Injini ikiwaka, spoki yaweza kumtoboa mtu jicho. Nilizungusha nikaona myumbo wa sentimita mbili juu ya rula, yaani milimita moja kwenye chuma. Nilitafuta mahali palipopanda, nikalilegeza jino la upande wa pili kidogo, nikalikaza la upande uliopanda, mpaka spoki ikarudi nusu ya mwendo wake. Nusu tu, kwa sababu ya ile hesabu ya maradufu niliyoitaja. Nikaendelea hivyo, karibu na meno, kisha mbali nayo, kisha karibu tena.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisogea, akainama kidogo, akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Naiona."

"Waona nini, Mjomba?"

"Ninaiona hiyo spoki ikienda." Akavuta kigoda, akaketi. "Huu ni mwaka wa pili sioni ukingo wa chaki. Niliona haya kuwaambia watu. Ndiyo maana kazi zile nilikupa wewe."

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikasema, "Mjomba, ile siku sikupima mahali pawili. Nilipima pamoja tu. Nilikuwa na haraka ya mpira."

"Najua," akasema. "Kidole kiliniambia. Nilikuwa nikingoja mdomo wako." Kisha akauchukua ufunguo wa meno mkononi mwangu, akamaliza kuilinganisha shafti yeye mwenyewe.

Tuliikereza asubuhi. Safari ya Mpanda haikuwapo tena. Mashine ya yule mama ilikoboa mpaka mwisho wa mavuno bila kuunguza beringi nyingine, naye akatuletea debe la mchele. Lakini nisiwafiche: wateja wake waliohamia kwingine msimu ule wengi hawakurudi. Kosa la jioni moja lilimgharimu mtu ambaye hakulitenda, wala kipimo changu hakikuweza kumrudishia.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za vipimo kila nipatapo nafasi. Nimesoma kwamba John Logan, wa Waltham katika Marekani, aliomba hataza mwaka 1883 ya kipimo chenye mshale uzungukao juu ya uso wa saa, na kwamba vile tunavyovitamani leo ni wajukuu wa kile. Nimesoma pia habari ya Mwingereza Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay mjini London. Mwaka 1840 aliwaeleza wataalamu waliokutana Glasgow jinsi ya kupata bamba la chuma lililo sawa kabisa. Ukichukua mabamba mawili na kuyakwangua mpaka yashikane, waweza kudanganyika: moja laweza kuwa limetuna na la pili limebonyea, nayo yakapatana vizuri katika ubovu wao. Sharti uwe na la tatu. Mabamba matatu yakishikana kila moja na kila jingine, hapo hayana pa kujificha. Niliposoma hayo nilimkumbuka Mjomba na swali lake, nikaona kwamba mafundi wakubwa wa Ulaya na fundi mzee wa Mamba waliulizana jambo lile lile.

Nisije nikaonekana najisifu, nitaje upungufu wa kipimo changu. Hakisemi kosa ni kiasi gani kwa uhakika wa kipimo cha saa. Huonyesha tu liko upande gani na kama linapungua. Spoki ni nyembamba na hupindika ikiguswa vibaya. Kikianguka ni lazima kipimwe upya kwa karatasi. Mwaka uliofuata Mjomba alinunua kipimo kipya cha saa, na kazi nyembamba tunazifanya kwacho. Hata hivyo cha spoki kingali kimetundikwa ukutani, na Mjomba hukitumia kuanzia kazi, kwa kuwa mwendo wake mrefu anauona bila miwani. Kabla ya kukitumia hupenyeza karatasi moja ya daftari, akaitoa, akaangalia kama imerudi. Vijana wapya wawili waliokuja kujifunza hawaruhusiwi kugusa shafti ya mtu kabla hawajafanya hivyo mbele yake.

Basi, ndugu zangu mlio madarasani sasa, hasa mliokaa dawati la nyuma, somo la nyenzo lina faida, nami namwomba radhi Mwalimu kwa kulidharau. Kama mnataka kujaribu, tafuteni spoki, bolti mbili na daftari lililokwisha. Hesabuni karatasi, zipimeni, gawanyeni. Kisha kabla hamjakitumia chombo chenu kutafuta kosa la kitu chochote, tafuteni kwanza kosa lililo ndani ya chombo chenyewe. Na ninyi wazazi, mtoto akiokota vyuma vilivyotupwa na kuvijaza chini ya kitanda, msimkemee upesi.